Fishi ya dawa na presha iliyoanguka usiku: tungeweza kujua mapema?

*"Docta, mimi ni muuguzi katika wodi ya magonjwa ya ndani, hapa Bukavu. Wiki tatu zilizopita tulipokea papa mmoja wa miaka 68, mgonjwa wa tansio wa siku nyingi, aliyekuja na kuhara na kutapika. Nyumbani alikuwa anameza amlodipini na hidroklorotiazidi, tukaziandika kwenye fishi ziendelee. Kwa kuwa alifika na 170/95, daktari akaongeza kaptoprili ya miligramu 25, asubuhi na jioni. Siku ya pili niliingia zamu ya usiku, nikampima saa kumi na mbili jioni: 118/70. Nikafurahi. Saa nne na nusu usiku binti yake akaniita, papa anaongea maneno yasiyoeleweka na mikono ni baridi. Nikapima: 70/40. Tulimlaza, tukainua miguu, tukaweka seromu, daktari wa zamu akaja. Alipona, ila figo zilimsumbua siku kadhaa. Baadaye nikaambiwa kwamba familia ilichelewa kununua kaptoprili, hivyo dozi ya asubuhi ilitolewa saa kumi na moja jioni, na ile ya usiku nikaitoa mimi saa mbili kama ilivyoandikwa. Tangu hapo silali vizuri. Mtoto wa kaka yangu anasoma infomatiki chuoni. Anasema nchi nyingine kompyuta inasoma fishi za dawa na kutabiri presha itaanguka lini, anataka tumpe fishi zetu za miaka miwili atengeneze programu. Je, ni kweli? Na mimi, kwa kusoma tu fishi ile, ningeweza kuona?"*

Ndugu yangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, maana jibu la swali lako la mwisho umelibeba mwenyewe katika sentensi uliyoipitia haraka: dozi ya asubuhi ilitolewa saa kumi na moja jioni, ya usiku ikatolewa saa mbili. Fishi ile ingeweza kukuonya, ndiyo, kama ingekuwa imeandikwa vingine. Ilivyokuwa, uliona alama mbili, moja chini ya "asubuhi" na nyingine chini ya "jioni", kana kwamba kati yake zilipita saa kumi na mbili. Kwa kweli zilipita tatu. Kompyuta ya mtoto wa kaka yako ingeona alama hizo hizo mbili, na ingenyamaza kama fishi ilivyonyamaza.

Kwa hiyo usijihukumu kwa kitu ambacho karatasi ilikuficha. Ulipoitwa ulifika, ulipima, ulimlaza, uliita daktari. Mzee yu hai kwa sababu ya hayo. Sasa tuelewe kilichotokea, kwa sababu tukikielewa ndipo tutajua kama programu ya kijana itasaidia.

Presha ya damu inasimama juu ya mambo matatu: damu na maji yaliyomo ndani ya mishipa, nguvu ya moyo kusukuma, na mishipa yenyewe kubana au kulegea. Wewe unaishi Bukavu, mji wa vilima, unajua maji ya bomba yanavyofanya. Msukumo ukipungua, nyumba ya juu kilimani ndiyo hukauka kwanza, ya bondeni bado inateka. Mwilini kichwa ndicho nyumba ya juu. Ndiyo maana papa alianza kuongea maneno yasiyoeleweka kabla ya yeyote kushika mashine ya kupimia.

Tumtazame yeye sasa. Kuhara na kutapika kulikuwa kumempunguzia maji tangu nyumbani. Hidroklorotiazidi, ambayo kazi yake ni kutoa maji na chumvi kwa mkojo, iliendelea kumpunguzia. Amlodipini ilikuwa imelegeza mishipa. Mwili wenye upungufu wa maji haukai tu ukingoja kuanguka, hujitetea: figo hutoa kimeng'enya cha renini, kutoka hapo hupatikana homoni ya anjiotensini, nayo hubana mishipa ili presha isimame. Papa alikuwa amesimama juu ya fimbo hiyo moja. Kaptoprili ni dawa inayozuia anjiotensini isitengenezwe. Kwa mtu mwenye maji ya kutosha ni dawa nzuri sana, mimi huiandika kila wiki. Kwa yule aliyekaushwa na kuhara, tena juu ya dawa ya mkojo, tulimnyang'anya fimbo. Mara mbili, ndani ya saa tatu. Na figo zilimsumbua kwa sababu hiyo hiyo, kwani anjiotensini ndiyo inayoshikilia msukumo wa kuchuja damu ndani ya figo wakati maji yamepungua.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hulikosea, na nalisema kwa upole kwa sababu hata madaktari tunalikosea. Ile 118/70 ya saa kumi na mbili haikuwa habari njema. Ingekuwa njema kwangu au kwako. Huyu alifika na 170/95. Chukua namba ya chini, ongeza theluthi ya tofauti kati ya juu na chini, unapata presha ya wastani: alifika na 120, saa kumi na mbili alikuwa na 86, saa nne na nusu alikuwa na 50. Chini ya 65 viungo huanza kunyimwa damu, na kwa mtu ambaye mwili wake umezoea presha ya juu miaka mingi, taabu inaweza kuanza kabla hajafika hapo. Kutoka 120 hadi 86 ameshapoteza zaidi ya robo. Hata mgonjwa wa dharura ya kweli ya presha, miongozo inatuambia tusimshushe zaidi ya robo katika saa ya kwanza. Papa wako hakuwa na dharura, alikuwa na tumbo. Presha yake ilikuwa tayari iko njiani kushuka, na saa mbili usiku akaongezwa dozi.

Hapo ndipo fishi ya dawa ina thamani yake. Wengi huisoma kama orodha ya majina: huyu ana dawa tatu, yule ana sita, mwenye sita yuko hatarini zaidi. Hesabu ya dawa haisemi mengi. Kila dawa ya presha ina saa yake ya kuanza, saa ya kilele na saa ya kuisha, na ukizipanga saa hizo kwenye mstari mmoja unaona mahali zinapokutana.

Kaptoprili huanza kushusha ndani ya nusu saa hivi na hufika kilele kati ya saa moja na saa moja na nusu baada ya kumeza. Dozi ya saa kumi na moja ilikuwa kileleni ulipopima kumi na mbili, yaani uliona kilele cha dozi ya kwanza ukadhani ni hali ya mgonjwa. Dozi ya saa mbili ilikuwa kileleni karibu saa tatu na nusu, ile ya kwanza bado inafanya kazi, kwa sababu nguvu yake hudumu saa sita na zaidi. Amlodipini ni kinyume kabisa, ni dawa ya polepole: baada ya saa 30 hadi 50 nusu yake bado imo mwilini. Ukiisimamisha leo kwa sababu presha imeshuka, kesho bado ipo, na kesho kutwa. Fishi mpya isiyoitaja amlodipini inadanganya siku mbili tatu za kwanza. Methildopa, ile ya mama wajawazito, kilele chake ni saa nne hadi sita baada ya kumeza. Furosemidi, dawa nyingine ya mkojo, ya mshipa huanza ndani ya dakika tano, ya kumeza huchukua hadi saa nzima na hudumu kama saa sita. Na nifedipini ile ya haraka, ya kutoboa na kudondosha chini ya ulimi, nakusihi ukiiona bado inaandikwa, uliza. Mwaka 1996 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha wito wa kuiacha kwa matumizi hayo, kwa sababu huangusha presha ghafla bila mtu kuweza kuidhibiti, na kuna wagonjwa waliopata kiharusi na mshtuko wa moyo.

Halafu zipo dawa ambazo si za presha kabisa lakini zinaigusa. Hizi ndizo zinazonifurahisha zaidi katika somo hili, maana mashine ya kupimia haikuonyeshi lolote mapema, fishi peke yake inaonyesha. Mgonjwa wa kifua kikuu anameza rifampisini. Dawa hiyo huamsha ini liunguze dawa nyingine haraka, zikiwemo nifedipini na amlodipini. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili presha inapanda, na familia inalaumiwa kwamba mgonjwa hamezi dawa. Daktari anaongeza dozi. Miezi sita ya matibabu inaisha, rifampisini inaondoka, ini linarudi kwenye kasi yake ya zamani ndani ya wiki mbili hivi, na dozi ile kubwa sasa imekuwa kubwa kweli. Anaanguka njiani kwenda sokoni. Nani angetabiri? Mtu aliyeandika tarehe ya mwisho ya rifampisini kwenye fishi ya presha.

Kinyume chake ni antibiotiki za kundi la erithromisini. Mwaka 2011 watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha katika jarida la CMAJ uchunguzi uliotumia kumbukumbu za dawa tu, bila kumshika mgonjwa hata mmoja. Walichukua wazee wa miaka 66 na zaidi, wanaomeza dawa za jamii ya amlodipini na nifedipini, waliolazwa kwa presha kuanguka, wakamlinganisha kila mmoja na nafsi yake: wiki ile kabla ya kulazwa alipewa antibiotiki gani, na wiki nyingine ya nyuma je? Erithromisini iliambatana na hatari karibu mara sita, klarithromisini karibu mara nne, na azithromisini hatari haikuonekana wazi. Sababu inajulikana: mbili za kwanza huzuia ini lisiunguze dawa ya presha, ya tatu haifanyi hivyo sana. Kwa hiyo mtoto wa kaka yako hakukudanganya. Kumbukumbu za dawa zinaweza kuonya, na kwa wazee hao zilionyesha hata dawa salama ya kuchagua badala ya ile ya hatari.

Diklofenaki ya maumivu hupandisha presha na hudhoofisha kaptoprili, na ikikutana na kaptoprili pamoja na dawa ya mkojo huumiza figo. Deksamethasoni hupandisha. Kwinini ya mshipa ikipelekwa haraka hushusha. Klonidini ikikatwa ghafla, presha hurudi juu kwa kishindo ndani ya siku moja au mbili. Na propranololi, dawa inayotuliza mapigo ya moyo, pamoja na ndugu zake, ina tabia moja ya kuogopwa: inaficha. Tumefundishwa kwamba mgonjwa anayekosa damu au maji mapigo yake hukimbia. Mwenye propranololi hayakimbii. Alama za tahadhari zinazotumika Uingereza tangu 2012, zilizorekebishwa 2017 na kuigwa mahali pengi, zinahesabu pumzi, oksijeni, joto, presha, mapigo na fahamu, lakini hazina mstari wa dawa. Mgonjwa wa propranololi mwenye mapigo 78 anapata sifuri ya mapigo, yaani hakuna hatari, pale ambapo anazama. Fishi ndiyo inayokuambia usiyaamini mapigo yake.

Sasa kompyuta. Boston, Marekani, hospitali ya Beth Israel Deaconess ilikusanya kumbukumbu za wagonjwa mahututi zaidi ya 40,000, za kuanzia 2001 hadi 2012, majina yakaondolewa, na toleo lake la 2016 linaitwa MIMIC-III. Ndani yake kuna presha saa kwa saa na dawa za mshipa kwa dakika zake. Kwa hazina hiyo watu wengi wamefundisha programu kutabiri presha kuanguka, na mapema kabla, mwaka 2009, kulifanyika shindano la kimataifa la kutabiri anguko ndani ya saa moja inayofuata. Kazi hizi ni za kweli. Lakini angalia zinakula nini: mgonjwa ana mrija ndani ya mshipa wa ateri, presha inasomwa kila pigo la moyo, dawa inapita kwenye pampu inayoandika yenyewe. Kwetu muuguzi mmoja ana wagonjwa ishirini, presha inapimwa mara tatu kwa siku, na kaptoprili inatoka farmasi ya ng'ambo ya barabara binti akishapata pesa.

Watu husikia hayo wakakata tamaa. Mimi nafika mahali pengine. Pale Boston mashine inapima kila pigo, kwa hiyo fishi ya dawa inaongeza kidogo tu. Kwetu, tunaopima mara tatu, fishi ina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu inaweza kutuambia kipimo cha nne kiwekwe saa ngapi. Hatuna haja ya kutabiri kwa asilimia. Tunahitaji kujua kwamba huyu wa kitanda cha sita, mwenye kuhara, dawa ya mkojo na dozi mpya ya kaptoprili, apimwe saa moja baada ya kumeza na tena saa moja baadaye, na kabla ya dozi inayofuata. Usiku ule, kipimo cha saa tatu na nusu kingekukuta na mgonjwa anayeshuka ila bado anaongea vizuri.

Na kabla ya programu yoyote, wino. Ukiniruhusu nikuambie yangu: nilipokuwa kijana, katika hospitali moja ambayo siitaji, nilipewa kaye, daftari la dawa la wodi, nihesabu wagonjwa waliopata dawa ya presha kwa wakati. Karibu wote walikuwa wameandikwa saa mbili kamili asubuhi. Nikashangaa, wagonjwa thelathini wanameza dakika moja? Muuguzi mkuu, mama mmoja mwenye subira, akanifunua macho: alama zote huwekwa pamoja mwisho wa zamu. Hakuna aliyekuwa mwongo. Kaye lilikuwa na nafasi ya alama, halikuwa na nafasi ya saa.

Dawa moja ina maisha matatu kwenye karatasi: ilivyoandikwa na daktari, ilivyotolewa na farmasi, na ilivyoingia mdomoni. Presha inafuata ya tatu peke yake. Kwetu kati ya ya kwanza na ya tatu kuna mfuko wa familia, mvua, na umeme. Kwa hiyo kwenye kisanduku cha alama andikeni saa halisi. Na hapa kuna mtego wetu wenyewe, sisi tunaosema Kiswahili: "saa 2" kwa mdomo wetu ni asubuhi jua likiwa limepanda, lakini stajieri, mwanafunzi wa mazoezi, aliyesoma kwa Kifaransa ataisoma saa nane ya usiku. Andika 8h au 20h, mtindo mmoja kwa wodi nzima. Kompyuta nayo iangaliwe: sisi wa mashariki tuko saa moja mbele ya Kinshasa, na nimeona mashine iliyopangwa kwa saa ya Kinshasa ikiandika dawa zote kana kwamba zilitolewa saa nzima mapema. Kwa kaptoprili, saa moja ndiyo safari yote ya kufika kileleni.

Kuhusu fishi zenu za miaka miwili, ningemwambia kijana wazi. Zikiwa ni alama bila saa, programu haitajifunza mwili wa mgonjwa, itajifunza mazoea ya wodi. Kuna mfano maarufu wa Marekani, wa programu iliyofundishwa kutabiri nani atakufa kwa nimonia. Ikagundua kwamba wenye pumu hufa kidogo kuliko wengine. Kama ingeaminiwa, wenye pumu wangerudishwa nyumbani. Ukweli ni kwamba walikuwa hatarini sana, ndiyo maana walikimbizwa kwenye uangalizi mkubwa, na uangalizi huo ndio uliowaokoa. Dawa kwenye fishi ni alama ya alichokiona daktari. Mgonjwa aliyewekewa seromu ya haraka saa nne na nusu atatabiriwa vizuri sana kwamba presha yake imeanguka saa nne na nusu, lakini huo si utabiri, ni kunakili. Kijana lazima akate kumbukumbu kabla ya tukio, saa kadhaa kabla, na kufuta kila kitu kilichofanywa kwa sababu ya tukio.

Hesabu nayo ni ngumu. Kanuni ya zamani ya takwimu inataka angalau matukio kumi kwa kila kitu unachokiingiza kwenye programu, na wataalamu wa leo wanaona mara nyingi hata hayo hayatoshi. Akitaka kuingiza vitu ishirini, yaani dawa kadhaa, umri, kuhara, homa, figo, anahitaji maanguko 200. Wodi inayoona mawili kwa wiki itakusanya miaka miwili, na ni yale tu yaliyopimwa. Walioanguka kati ya vipimo viwili hawamo. Halafu chukua mfano wa wagonjwa mia, watano wataanguka. Programu inayokamata wanne kati ya watano ni nzuri. Lakini ikiwapigia kelele bure ishirini katika kila mia ya wale wasioanguka, hao ni kumi na tisa. Kelele ishirini na tatu, nne za kweli. Zamu ya tatu muuguzi peke yake usiku hatazisikiliza tena, na sitamlaumu.

Je, akatazwe? Hapana, ana moyo mzuri na nchi inamhitaji. Aanze na MIMIC. Ni bure kwa mtafiti anayemaliza kozi ya maadili ya utafiti wa binadamu na kusaini masharti, na pale atajifunza makosa yote bila kumgusa mgonjwa wa Bukavu. Wakati huo ninyi mnaandika saa halisi kwa miezi sita. Baadaye alinganishe programu yake na kanuni moja ya karatasi, ambayo ningeiandika hivi: dawa mpya ya presha au dozi iliyoongezwa ndani ya siku mbili, pamoja na kukosa maji, au homa kali, au dawa ya mkojo, ama umri zaidi ya 65, basi pima kileleni. Programu isipoishinda kanuni hiyo, karatasi ibaki ukutani. Na aijaribu kwa miezi ya mwisho ambayo programu haijawahi kuiona, asichanganye fishi zote kama karata, maana atajidanganya.

Lakini fishi za wagonjwa msimpe mkononi, hata kama ni mtoto wa nyumbani. Huko nje jina, mtaa na ugonjwa vikikutana kwenye flashi moja, vimeshatoka. Nendeni ana kwa ana: daktari mkuu, mfamasia, mwalimu wake wa chuo, na kamati ya maadili ya chuo ipitishe kwanza. Mfamasia msimsahau, ndiye anayejua kilichotoka dirishani.

Wewe usiku, usingoje programu wala mimi. Namba ya juu chini ya 90, au wastani chini ya 65, au kushuka kwa zaidi ya robo kwa mtu uliyemjua yuko juu, pamoja na mikono baridi, kuchanganyikiwa, au mkojo kupungua: laza, pima tena kwa mkono wa pili, simamisha dozi inayofuata, ita daktari saa hiyo hiyo. Una haki ya kusimamisha dozi moja na kuuliza. Mama mjamzito au aliyejifungua karibuni mwenye 160/110 na kuendelea ni dharura ya upande wa pili, naye daktari aitwe bila kungoja asubuhi. Na msomaji aliye nyumbani, mwenye dawa zake za tansio, akipata kuhara au kutapika kwa siku nzima aende kituo cha afya akiwa na pakiti zote mkononi, zikiwemo za kienyeji na za maumivu, aulize ipi isimame kwa muda. Asikate zote mwenyewe, klonidini na propranololi zina kisasi.

Papa wako akirudi kuonwa, mwombeni daktari apime damu, kreatinini ya figo na chumvi ya potasiamu, kabla ya kaptoprili kurudi kwenye fishi. Ikirudi, ianze kwa nusu ya kile kidonge, siku ambayo anakula na kunywa vizuri, asubuhi, mchana wote ukiwa mbele yenu wa kumwangalia. Na kwenye kisanduku, badala ya alama, binti yake aone ukiandika saa.